Nyimbo Nilizonakili kwa Vipande vya Sabuni

Miaka ile baada ya vita, kila nyumba kijijini Songambele ilikuwa na kazi yake ya pembeni, na kazi mbili zilizolipa vizuri zilikuwa haramu nyumbani kwetu. Ya kwanza ilikuwa kutengeneza rubisi, pombe ya ndizi. Ya pili ilikuwa kuvusha kahawa ya magendo ng'ambo ya mto, ambako gunia liligeuka kitenge, sukari, au betri za redio. Mama yangu alikuwa ameokoka. Hakuingia kwenye nyumba yenye pombe, na alikuwa akisema kwamba haleluya haitoki vizuri kwa mtu ambaye mabega bado yanamuuma kwa mzigo wa magendo. Mimi sikuhitaji kuokoka ili niogope magendo. Niliogopa mbwa, niliogopa makarani, niliogopa kubisha hodi mara ya pili kama ya kwanza haikujibiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Darasa la saba nilikwishamaliza, sikuchaguliwa kuendelea, na baba alikuwa amefariki. Kibanja chetu cha migomba kilitulisha, lakini kibanja hakizai sabuni, wala chumvi, wala mafuta ya taa. Kwa hiyo nilijaribu mambo. Niliokota buni zilizodondoka chini ya mibuni ya watu waliotupa ruhusa, nikazichagua kwa makini mno, moja moja, hadi wenzangu wakauza mara mbili mimi bado nachagua. Nilifuga sungura, wakafa kwa sababu nilikuwa nawasafisha kila siku. Nilikwenda kuuza ndizi mbivu Omurushaka, mabasi yanaposimama. Wenzangu walikimbilia madirishani wakipaza sauti. Mimi nilibaki na sinia langu nikipanga ndizi zilingane urefu, na basi likaondoka. Mama alipoona zimerudi zote, alizitazama akasema, "Angalau zimenyooka."

Kitu kimoja nilichokiweza ni kuandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila haya kwa sababu uzuri wake ulinigharimu usingizi. Tena nilikuwa nimejifunza nota za sol-fa peke yangu, kutoka kitabu kisicho na jalada ambacho mwinjilisti mmoja alikiacha alipohama. Mama alipewa sanduku la karatasi zake awashie moto, nami nikakiokoa. Nililinganisha nota za kitabuni na nyimbo nilizozijua za tenzi, herufi kwa herufi, hadi siku moja nikaelewa kwamba vile vistari vilivyofuata herufi vilimwambia mwimbaji aendelee kuishika sauti ileile. Nilifurahi kwa juma zima na sikuwa na mtu wa kumweleza. Kuimba kwenyewe sikuweza. Nikiitwa kusimama mbele ya watu, nilitafuta pa kukaa.

Usharika ulipotaka mtu wa kuandika orodha ya watoto wa kipaimara, mama alinitaja. Orodha ilibandikwa mlangoni mwa kanisa, na Jumapili hiyo mwalimu wa kwaya, ambaye siku nyingine alifundisha shule ya msingi, akanisubiri nje.

"Wewe ndiye uliyeandika orodha?"

Nikajua nimekosea. "Shikamoo, mwalimu. Kama kuna jina limeachwa, naweza kuandika upya leo hii."

"Marahaba. Hakuna lililoachwa. Nauliza huo mwandiko. Wangu mimi hata mke wangu anadhani ni kuku amepita."

Alikuwa akitunga nyimbo mwenyewe, na kila wimbo ulihitaji nakala nane, mbili kwa kila sauti, ili waimbaji waweze kuchungulia. Hapakuwa na mashine ya kurudufu karibu nasi, na karatasi za kaboni zilikuwa za maofisini tu. Tukakubaliana: kwa kila wimbo, kipande cha sabuni ya mche kutoka mgawo wake wa mwalimu. Habari zikifika kwa kwaya nyingine, nazo zitanipa zilicho nacho. Zilinipa kweli: mayai, nusu kibaba cha chumvi, mara chache shilingi.

Karatasi nilizipata kwa karani wa chama cha kahawa, fomu za zamani ambazo upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Nilipiga mistari kwa spoki ya baiskeli, bila wino, nikiibonyeza tu karatasi hadi ipate mfereji. Sauti nne zinaandikwa moja chini ya nyingine, na mapigo lazima yasimame wima, la kwanza juu ya la kwanza, la pili juu ya la pili, kama nguzo za ukuta. Pigo moja likiegemea, naanza upya. Karatasi zilizoharibika sikumpa mama awashie moto. Nilizificha chini ya godoro, kwa aibu, na nililalia makosa yangu miaka miwili.

Jumamosi alasiri nilipeleka nakala kwenye mazoezi na kukaa benchi la nyuma, eti kuhakiki. Kiongozi wa besi alikuwa fundi mwashi, mtu mwenye kifua kipana na utani usiokwisha. Aliniita karani wa malaika.

"Karani, leo umetuletea nota au hati za mashamba?" alikuwa akiuliza kutoka mbele. "Maana ukiandika vizuri hivi, mtu anaweza kunyang'anywa kibanja."

Watu walicheka, nami niliangalia magoti yangu nikiwa na furaha. Sabuni tuliihitaji, ni kweli. Mama aliikata kwa uzi vipande vidogo na kufua navyo mwezi mzima. Lakini naungama kwamba sikuwa naifuata sabuni. Katika juma zima, ile ndiyo saa pekee ambapo mtu aliutazama mlango kuona kama nimefika. Kama mwalimu angeacha kunipa nyimbo, hakuna mahali pengine ambapo ningetazamiwa. Hilo nililijua kila nilipochovya kalamu.

Kisha kwaya ikaalikwa kuimba siku ya kuweka wakfu kanisa jipya, na mwalimu akatunga wimbo wa shukrani kwa siku hiyo. Alinikabidhi wimbo huo nyumbani kwake, kwenye karatasi za daftari la hesabu, huku akikohoa na kujishika ubavu.

"Kesho naenda hospitali ya misheni," alisema. "Sijui watanilaza siku ngapi. Fundi atawafundisha. Wewe toa nakala tu, Jumamosi waanze."

Nilikaa mlangoni kwetu, penye mwanga, nikaanza kunakili. Sauti tatu za juu zilikuwa nzuri, zilipanda zikipishana. Lakini besi ilikuwa na herufi moja tu, d, kisha vistari. Vistari, vistari, mistari miwili mizima ya ukurasa. Sauti nyingine zilikuwa zikitembea na besi imesimama palepale, hata mahali ambapo kitabu changu kilisema sauti hizo zikikutana zinagombana. Kitabu changu kilifundisha kwamba besi ndiyo miguu ya wimbo, na miguu hutembea.

Nilifikiri siku tatu. Mwalimu alikuwa mgonjwa. Pembeni mwa karatasi alikuwa amekwaruza na kufuta mara nyingi. Pengine alitaka kurudi kuimalizia besi, homa ikamzidi, akajaza vistari ili nafasi isibaki tupu. Nilipolifikiria hivyo mara kumi, likawa kweli.

Siku ya tatu nilikutana na fundi njiani, amebeba ubao wa kupigia lipu. Tulikuwa wawili tu. Akasimama.

"Karani, wanasema kuna wimbo mpya. Besi yetu inasemaje?"

Swali lilikuwa mdomoni mwangu tayari: mbona mmeandikiwa sauti moja tu? Lakini niliona jinsi ningeonekana mtu asiyejua, mimi ambaye kitu pekee nilichosifiwa ni kujua. Nikasema, "Iko tayari, fundi." Akaondoka akipiga mluzi.

Nikarudi nyumbani nikaiandika besi upya. Niliipandisha mahali kitabu kiliposema ipande, nikaishusha kiliposema ishuke, na mapigo yote yakasimama wima. Sikumwambia mtu. Nilijiambia namsitiri mwalimu. Ukweli ni kwamba nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada. Nilikuwa nimegusa wimbo, na wimbo sasa ulikuwa na kitu changu ndani yake, na ungeimbwa mbele ya watu bila mimi kusimama. Nilitoa nakala nane bila kuharibu hata moja.

Jumamosi besi walihangaika. Walijaribu, wakapotea, wakarudi mwanzo.

"Besi gani hii," alisema mmoja, "inaruka kama mbuzi juu ya kichuguu."

"Mwalimu kaandika," fundi akasema. "Wewe nani?"

"Mimi mwenye koromeo langu."

Lakini waliishika. Iliwachukua Jumamosi nne, na kwa kweli hawakuipenda, ila hakuna aliyesema huenda karatasi imekosea. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu atabishana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba hadi wazee waitwe, lakini kitu kilichoandikwa kwa mkono safi hakibishiwi. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma nikiwasikiliza wakijitesa kwa ajili ya mwandiko wangu.

Mwalimu alirudi siku chache kabla ya wakfu. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka. Walimwekea kiti mbele, wakamwimbia wimbo wake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Rudieni," akasema walipomaliza. "Besi peke yake."

Wakarudia.

"Hivyo ndivyo nilivyoandika?"

"Ndivyo, mwalimu," fundi akasema, akamletea nakala. "Tumetoka jasho kwa ajili yako."

Mwalimu aliisoma nakala ile kwa muda mrefu. Kisha akapapasa paji la uso wake kama mtu anayetafuta mahali alipojigonga. "Basi homa ilikuwa imenipanda," akasema. "Sikumbuki kabisa." Wengine wakacheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma yake.

Akageuka. "Ile karatasi yangu mwenyewe ipo?"

"Ipo nyumbani, mwalimu."

"Kesho baada ya ibada niletee. Nataka kuona nilianzia wapi kupotea."

Sasa nitaeleza jambo ambalo sijawahi kulieleza. Asubuhi ya Jumapili ile sikwenda ibadani, nilimwambia mama tumbo linauma. Nilichukua karatasi ya daftari la hesabu nikaandika wimbo mzima kwa mwandiko wa mwalimu. Mwandiko wa kuku aliyepita. Niliuweza. Miaka miwili nilikuwa nausoma kuliko mtu yeyote, nilijua jinsi mkia wa s yake unavyokatika na jinsi anavyosahau nukta. Niliweka mikwaruzo pembeni. Niliweka na besi yangu. Ilipokauka, mimi mwenyewe niliiamini. Nikaikunja mfukoni wa kushoto, ile ya kweli mfukoni wa kulia, nikaondoka.

Nilimkuta ameketi kibarazani na ubao mdogo wa shule magotini. Alikuwa akiandika hesabu za kuzidisha za darasa la nne, anazifanya, kisha anazisahihisha mwenyewe kwa kuweka alama ya vema. Alikuwa akijipima kichwa. Ubao ulikuwa umejaa vema, na bado alikuwa akiandika nyingine.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, karibu. Njoo utazame hii, saba mara nane ni hamsini na sita, siyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nami naona hivyo," akasema, lakini aliniangalia usoni ahakikishe.

Nikampa ya mfuko wa kulia.

Aliisoma akisogeza midomo. Alipofika kwenye vistari alivuta pumzi ndefu, akacheka, akaweka ubao chini. Kwa muda mfupi alikuwa na furaha tupu, na nilitamani muda ule usiishe, kwa sababu nilijua unaofuata ni wangu.

"Nani aliibadilisha?"

"Mimi, mwalimu. Nilidhani hukuimaliza."

"Umewahi kuona watu wakikanyaga ndizi?"

"Hapana, mwalimu. Nyumbani tumeokoka."

"Haya. Wanaume wakiingia kwenye ule mtumbwi wa kukamulia, miguu inakwenda, mikono inashikana, ila sauti haiendi. Wanaishika moja chini kabisa, hawaiachi, mpaka omuramba utoke." Omuramba ni maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe. "Wanawake wanaimba juu yake wanavyotaka. Mimi nimekua nikiisikia sauti ile. Nilitaka iingie kanisani hata mara moja."

"Kitabu changu kinasema besi..."

"Kitabu chako hakijakanyaga ndizi." Hakupaza sauti. "Ungeniuliza."

"Ulikuwa hospitali, mwalimu."

"Besi haikuwa hospitali. Kule kuna wanaume wanane. Ungemuuliza hata mmoja, angekuonyesha kwa mguu."

Alisubiri, na nikaona kwamba hakuwa akinisubiri niombe radhi. Alitaka kujua kwa nini kwa kweli. Nikasema, "Naogopa kuuliza." Nilipolisema lilikuwa dogo sana, halikutosha kwa madhara yote yale.

"Hukuogopa kubadilisha," akasema.

Ile ya mfuko wa kushoto niliitafuna njiani kurudi, kipande kwa kipande, nikaitema vichakani.

Kwenye mazoezi ya mwisho mwalimu aliwaambia besi waweke karatasi chini. Hakunitaja. Alitoa sauti moja, dhaifu, ikikatika kwa kikohozi, akakanyaga kanyaga sakafu pale pale alipoketi. Fundi alimtazama mara moja tu. Akashusha kidevu akaishika ile sauti, na wengine wote wakaingia, bila kufundishwa, kwa dakika ile ile. Kanisa likajaa mngurumo ambao nilikuwa nauhisi kwenye mbao za benchi. Sauti za juu zilipoanza, mahali ambapo kitabu kilisema kuna ugomvi palikuwa na ugomvi kweli, nao ulikuwa mzuri kuliko amani yote niliyoiandika.

"Kumbe karani alikuwa anatupandisha vichuguu bure," fundi akasema walipomaliza. Alijua. Wote walikuwa wamejua. Wakacheka, na naamini sasa kwamba kilikuwa kicheko kilekile cha siku zote, cha kumkaribisha mtu. Siku ile nilikisikia vingine.

Mwalimu alinifuata mlangoni. "Nyimbo nyingine zipo," akasema. "Nitakupa, na sabuni nitakupa. Ila kuanzia Jumamosi ijayo utakaa katikati ya besi, siyo huko nyuma. Si lazima uimbe. Kaa tu hadi ujue unachokiandika." Fundi alikuwa amesikia. Alisogea kwenye benchi akalipiga kofi mahali patupu pembeni yake.

Nikasema, "Sawa, mwalimu. Jumamosi."

Siku ya wakfu nilisimama nje na umati. Jumamosi iliyofuata nilioga, nikavaa shati, nikafika hadi kwenye mikaratusi iliyo karibu na kanisa. Nikawasikia wakianza. Nilijiambia kuingia katikati ya wimbo ni utovu wa adabu, nitangoja umalizike. Ulipomalizika nikajiambia wanapumzika, si vizuri kuwashtua. Nikarudi. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilifika hadi ukutani, nikaona kupitia dirisha kwamba pale pembeni ya fundi bado pako wazi, na hilo badala ya kunivuta likanifukuza. Ya nne sikutoka nyumbani. Mama aliuliza kama nimegombana na watu wa kwaya. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli.

Mwaka mpya ulipoanza mwalimu akapata uhamisho kwenda shule ya mbali. Nilisikia habari hiyo dukani, alipokuwa ameshaondoka. Aliyemfuata alileta mashine ya chapa.

Bado naifanya kazi hii. Kwaya za mbali hunitumia nyimbo kwa kondakta wa basi hadi Omurushaka, nami huzirudisha kwa njia hiyo hiyo, na hulipwa shilingi ndani ya bahasha. Sijawahi kuona sura zao. Sibadilishi kitu tena. Mahali nisipopaelewa napaacha patupu, nanakili mengine yote, kisha natuma barua kuuliza walikusudia nini, na wimbo unalala mezani mpaka jibu lije. Wanalalamika kwamba ninachelewa. Wawili wameacha kunitumia.

Juma hili umefika wimbo kutoka Mabira. Sauti ya tatu inanyamaza ghafla katikati, mapigo manane, kisha inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Labda ni makusudi, labda mtunzi aliitwa na mtu akasahau. Mabira si mbali. Nikiondoka asubuhi kwa miguu, mchana nimefika, nikaulizia nyumba ya mwalimu wa kwaya, nikabisha hodi.

Nimeandika barua.